Kufuli la Jumamosi

Jumatatu, 3 Juni
Nimechoka kungoja! Programu yetu ya kukodisha ukumbi inahudumia mtu mmoja mmoja, kama kinyozi. Karani mmoja akifungua tarehe, mwenzake anafungiwa nje, anakodoa macho hadi amalize. Kufuli hilo aliliweka jirani yangu wa meza, tunayemwita Foleni. Meneja anatafuta mkuu wa kitengo. Ataona kasi!

Jumanne, 4 Juni
Nimeliondoa. Kimyakimya. Makarani wote wawili wanaandika kwa mpigo. Meneja amenipigapiga begani. Foleni akanikumbusha kuwa haraka haraka haina baraka. Wivu! Mtu mzima na methali za darasa la pili.

Jumatano, 5 Juni
Kompyuta hufikiria mambo manne kwa pamoja, mimi nishindwe? Nimeandika ripoti huku nikiongea na mama mkwe kwenye simu. Ukumbi wao umevuja, harusi ya shemeji ni Jumamosi hii hii, je, kwetu kuna nafasi? Ipo, mteja mmoja ameahirisha. Nikamuunganisha na karani. Sifa tele! Ila ripoti ya meneja imeanza na "Shikamoo mama", na mama mkwe nilimwambia asubiri idara husika.

Jumamosi, 8 Juni
Balaa. Mabibi harusi wawili, mlango mmoja, kila upande na hati halali. Foleni amenieleza, wala sikumuuliza: karani wa kwanza alisoma "wazi", kabla hajaandika, wa pili naye akasoma "wazi". Wakaandika wote.

Nikapendekeza harusi zifanyike sambamba, pazia katikati. Shangazi wa upande wa pili akavua kiatu. Foleni ndiye aliyewatuliza: hawa hadi saa kumi na mbili, wale baadaye. Shemeji amekaa garini kwa muda wa saa tatu na shela lake, analia. Mama mkwe amesema nimemwaibisha mbele ya wakwe zake, na nisikanyage kwake hadi aniite. Mke wangu hakunitetea. Nimejificha jikoni.

Jumatatu, 10 Juni
Foleni ndiye mkuu wa kitengo. Amri yake ya kwanza: kufuli lirudi. Nimelirudisha, mikono ikiniwasha.

Nimelitafakari jambo hili wikendi nzima. Kosa halikuwa kasi. Makarani wawili walikuwa wachache mno! Nimemwandikia meneja kuomba wanane.