Mlango wa Kabati la Saa

Jumatatu, 3 Machi

Baba mkwe, fundi saa, ametangaza. Anataka mlango mpya wa kabati la saa, uwe wazi kama hewa, tayari Jumamosi. Mkwe atakayeutengeneza vizuri atapewa chumba cha mbele cha duka afanyie kazi zake.

Wakwe tuko wawili: mimi na mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu. Yeye fundi vioo. Mimi mtu wa akriliki, plastiki angavu kuliko kioo chochote. Mke wangu amesema nikikikosa hicho chumba nitafute pa kulala, maana mabapa yangu yamejaa chumbani na yeye amechoka kulala na plastiki. Nimemwambia asihofu. Amegeukia ukutani.

Jumanne, 4 Machi

Onyesho mbele ya baba mkwe. Kipande cha kioo cha mwanyumba, kipande cha akriliki changu, nyundo moja. Chake kikamwagika sakafuni. Changu kikaruka tu, kikampata paka. Nikaeleza kwamba ni chepesi pia, nusu ya uzito wa kioo, bawaba hazitachoka. Mkwe akauliza nani atafagia.

Nimefagia mimi. Lakini kazi nimepewa! Mwanyumba amenipa mkono, anacheka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepasha kingo moto jikoni, zikalainika, nikazikunja vizuri. Mke wangu amefungua madirisha yote.

Tatizo ni vumbi. Nafuta kwa kitambaa kikavu, linaongezeka. Nasugua, linanata zaidi, na mikwaruzo juu. Mwanyumba alipita akasema hii plastiki ukiisugua kavu inavuta vumbi. Nitumie maji ya sabuni na kitambaa laini, na spiriti nisiiguse kabisa.

Nimemshukuru. Mimi si mtoto wa jana. Mpinzani hakupi dawa. Akikukataza kitu, ujue ndicho chenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Spiriti. Uchafu wote umetoka. Mlango unang'aa mpaka mkwe alinyoosha mkono achukue saa, akagonga vidole. Tumecheka wote. Mke wangu ameanza kupanga mahali pa kuweka kabati la nguo.

Jumamosi, 8 Machi

Nyufa. Nyembamba, zimetanda kama utando wa buibui, nyingi zaidi pale nilipokunja. Mteja wa kwanza aliuliza kwa nini saa zote zimepasuka. Mkwe alivaa miwani ya kazi, akatazama kwa muda, akasema aliomba aone saa, sasa anaona fundi.

Chumba kapewa mwanyumba. Imeniuma. Machozi yalinitoka, nikasingizia spiriti. Nimerudi nyumbani nikakuta mto wangu uko sebuleni.

Alhamisi, 13 Machi

Mwanyumba alikuja jana. Anasema chumba ni kikubwa, atanigawia kona niweke mabapa, mradi nimtengenezee mkwe mlango mwingine. Mke wangu alitabasamu, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Nimekubali shingo upande.

Mlango umekwisha. Hauna mkwaruzo. Imebaki gundi kidogo tu ya karatasi ya kinga, imeganda pembeni. Mwanyumba amenisihi nisiitoe kwa thina, ile ya kuyeyusha rangi, kali kuliko spiriti. Akarudia. Akanishika bega.

Kumbe! Spiriti ilikuwa dhaifu tu. Nimenunua thina, kopo kubwa.