Wakili Mlangoni kwa Mzee Wilson

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye ametuma radhi zake, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni wa Heshima, ambaye amenihakikishia kwa simu kwamba yuko njiani tangu jana, Bwana Mwakilishi wa Mwakilishi, uliyeketi hapa mbele na ambaye tunaomba usiondoke, Chifu wetu, Naibu wa Chifu wetu, wazee wa mtaa wa Munyaka, Mchungaji uliyetuombea kwa kirefu, viongozi wa akina mama, wa vijana, na wa wale ambao bado hawajajua wako kundi gani, wafugaji kutoka Kapseret, wakulima wa mahindi kutoka Turbo, waendeshaji boda boda mliozima injini kwa heshima, na ninyi pale nyuma ambao bado mnanguruma, stakeholders wote kwa ujumla: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu sijamtaja, ajihesabu ametajwa. (Makofi machache. Pikipiki moja inazimwa.)

Mimi, Daktari Mhandisi Kigen, Mkurugenzi Mwandamizi wa Mradi wa Wakili Mlangoni, nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao hata mke wangu ameusifu, ili kufunga rasmi awamu ya kwanza ya mradi huu wa kihistoria, ambao vision yake ni kwamba mwananchi anayechukua mkopo asihangaike kwenda mjini kutia sahihi mbele ya wakili, bali wakili mwenyewe amfuate hadi nyumbani, akiwa na kalamu, mhuri na utaalamu, amweleze anachotia sahihi, kisha aondoke bila kuomba nauli. (Makofi.) Utafiti tulioufanya sisi wenyewe juu yetu sisi wenyewe unaonyesha kwamba wananchi wameridhika kwa asilimia mia moja na nne. (Mtu anauliza hizo nne zimetoka wapi.) Hizo nne ni za Kapseret, mheshimiwa, tutazungumza baadaye.

Sasa, badala ya kuwachosha kwa nadharia, ningependa niwasimulie case study moja kutoka Turbo, kwa sababu inaonyesha mawasiliano na utaalamu ni nini, na kwa sababu nilikuwepo mimi mwenyewe.

Kuna wakili kijana anaitwa Byron Shitanda, mtu nadhifu, anayeamini kwamba kazi ya sheria inaanzia kwenye viatu. Asubuhi moja alienda kwa Mzee Wilson Kipyego, mkulima, ambaye alikuwa ameomba mkopo wa kununua mashine ya kukausha mahindi. Mzee alikuwa ametia sahihi yake mjini, ikabaki sahihi ya mke wake, Mama Jemutai, kwa sababu dhamana ilikuwa shamba wanaloishi, na shamba kama hilo haliwekwi rehani mpaka mke akubali. Wakili akafika langoni na suti nyeusi, tai nyeusi, faili jeusi kifuani, na uso ambao haukuonyesha furaha wala huzuni, kama utaalamu unavyotaka. (Minong'ono.)

Akamkuta Mama Jemutai amebeba mtungi wa maziwa. Akamwambia: “Mama, mimi ni wakili kutoka mjini. Nimekuja kuhusu Mzee Wilson. Naomba kwanza uketi chini. Na kama kuna ndugu au jirani wa karibu, mwite aje.”

Ndugu wananchi, wakili alitaka tu mtu wa kushuhudia. (Mama mmoja anasema, “Uwi.”) Lakini Mama Jemutai aliweka mtungi chini, akamwita jirani yake Adongo, naye Adongo akaruka ua bila kutafuta mlango.

Adongo akamuuliza wakili Mzee yuko wapi kwa sasa. Wakili akasema amemwacha mjini, ametulia. Akamuuliza kama aliteseka. Wakili, akidhani anaulizwa habari za foleni, akasema hapana, ilikuwa haraka, Mzee hakulalamika hata kidogo. Kisha, kwa lugha sanifu ambayo hata mimi ningejivunia, akamgeukia Mama Jemutai na kumwambia: “Mambo yote ya Mzee yamekamilika. Limebaki suala la shamba.” (Kicheko. Mzee mmoja wa mstari wa mbele anavua kofia.)

Mama Jemutai hakupiga kelele. Alisema tu kwamba asubuhi ile Mzee alikuwa ameomba chai ya pili, naye akamwambia majani yameisha, na hayakuwa yameisha. Alisema hivyo mara kadhaa. Simu ya Mzee, walipompigia, ilikuwa imezima kwa kukosa chaji. Basi vijana wakaleta hema. Viti vikatoka kanisani. Akina mama wakaja na sufuria. Kwaya ikaanza kuimba, na wakili wetu, aliyepewa kiti cha mbele, chai na kipande cha mkate, akaona kwamba watu wa Turbo wanaheshimu sana taaluma ya sheria. (Kicheko kirefu.)

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa napita barabarani kwa shughuli za kitaifa, nikaona hema, na kiongozi akiona hema hawezi kupita. (Makofi ya vijana, ya kejeli.) Asanteni. Nilipewa nafasi nikatoa rambirambi, na ingawa sikumjua marehemu wala jina lake, nilimzungumzia mpaka watu wakaanza kutazama sufuria. Baada yangu akaitwa wakili, kama mtu wa mwisho kumwona Mzee. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema Mzee Wilson ni muungwana na ameacha kila kitu katika mpangilio. Watu wakalia upya.

Nikiwa nimerudi kwenye maikrofoni kuongeza machache, boda boda ikasimama langoni, akashuka mwanamume mwenye gambuti mpya miguuni. Mimi sikumjua, nikamwonyesha kiti. Akaketi. Waliokuwa nyuma walikuwa wameinamisha vichwa kwa ajili ya hotuba yangu, kwa hiyo hakuna aliyemtazama. Yule bwana akavua kofia, akaanza kuimba na kwaya, iliyokuwa ikiimba chini chini nikiongea. Kisha nikaona anahesabu nyuso za watu, mmoja mmoja, na midomo yake ikaacha kuimba. Watoto wake walikuwepo. Jirani alikuwepo. Ni mtu mmoja tu ambaye yeye hakumwona, kwa sababu mtu huyo alikuwa ndani ya nyumba na akina mama.

Akasimama katikati ya hema akaita, “Jemutai.” Hakuita kwa nguvu. Aliita kama mtu asiyetaka kujibiwa vibaya.

Kwaya ikanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, jambo ambalo liliandikwa kwenye kumbukumbu. (Hakuna anayecheka.) Mama Jemutai akatoka mlangoni, kitenge kikiburuta. Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa anamlilia mwenzake. Mzee akamshika mkono, akaushika tu, mbele ya watu wote, na wale wanaowajua watu wa rika lile wanaelewa kwamba hilo si jambo dogo. Kisha Adongo akamgeukia wakili, na ningependa kueleza alichosema lakini Mchungaji yuko hapa.

Ndugu wananchi, tungekuwa na aina nyingine ya wakili, angekimbia. Huyu hakukimbia. Alivua tai, akaiweka mfukoni. Akaacha kiti akachuchumaa mbele ya Mama Jemutai, akamwomba msamaha. Mama akamwambia msamaha utakuja, kwanza amweleze hiyo sahihi ni ya nini, na aseme kama anaongea na mtu, si na jaji.

Wakili akasema: “Mzee wako anataka mkopo wa mashine. Akishindwa kulipa, wakopeshaji wanaweza kuuza shamba hili na nyumba hii. Hawawezi bila wewe kukubali. Na una haki ya kukataa, na mimi sitakulazimisha.”

Maneno hayo machache. Hakuna framework. Mama Jemutai akageuka polepole, akamuuliza Mzee kama alijua kwamba ni shamba. Mzee akatazama gambuti zake. Akasema alijua, alikuwa anatafuta siku nzuri ya kumwambia.

“Nimekulilia tangu asubuhi, Wilson,” Mama akasema. “Na wewe ulikuwa mjini unaweka nyumba yangu rehani.”

Hakutia sahihi. Alirudi ndani, na waombolezaji, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari, walikula. Mzee alikula pia, peke yake, kando. Kwa wiki nzima, nimeambiwa, hakukuwa na mazungumzo pale nyumbani isipokuwa ya ng'ombe. Halafu wakaongea. Wakaamua kuchukua mkopo mdogo zaidi, dhamana ikawa trela ya trekta, na mashine wakanunua ndogo, pamoja na Adongo. Mama alitaka jina lake liwe la kwanza kwenye karatasi, na likawa. Wakili Shitanda aliporudi alikuja amevaa sweta, akasimama nje ya lango, na kabla ya salamu akasema kwa sauti kwamba kila mtu yuko hai. (Makofi marefu, ya kweli.)

Hayo, wapendwa, ndiyo matokeo ya mradi wetu. Kwa hiyo nasema: Wakili! (Wachache: “Mlangoni.”) Sahihi! (Mmoja: “Ya nini?”) Vizuri sana, hilo ndilo swali tunalotaka mwulize.

(Mama mmoja anasimama. Anasema mtoto wake ameletewa karatasi za mkopo za Kiingereza, na anataka kujua wakili wa mradi anapatikana wapi.) Swali zuri, mama. Hilo linanileta kwenye shukrani.

Namshukuru Wakili Shitanda, ambaye hajawahi kuwa mfanyakazi wetu, hajui sisi ni nani, na ametuomba mara mbili tuondoe picha yake kwenye bango hili. Nawashukuru wafadhili, ambao tutaanza kuwatafuta mwezi ujao. Nawashukuru mawakili wote wa mradi, pindi watakapopatikana. Nawashukuru hasa ninyi, kwa kujitokeza kufunga mradi kabla haujaanza, jambo ambalo limetuokolea gharama nyingi. Na wewe mama, njoo ofisini kwetu wakati wowote, iko pale mbele baada ya kinu cha unga. Iko wazi mchana na usiku. Haina mlango, haina ukuta, ni kiwanja; ng'ombe wanaochungwa pale si wetu. Asanteni sana.