Dirisha la Kuniokolea

Kwa Bwana Surette, Mkaguzi wa Majengo,

Salamu nyingi. Kabla ya malalamiko, nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri: nyumba yetu ikishika moto, nitaona haya kuokolewa.

Baba yangu, Alcide Thibodeau, ananijengea chumba darini, kwa kuwa nimemaliza shule na bado nalala na Bibi. Amepasua paa, akainua ukuta mdogo wa mbao unaochomoza nje, akaacha nafasi ya dirisha alilolitoa kwenye banda la kuku. Ulipokuja kulipima ulisema, "Alcide, hapa anatoka kuku, mtu hatoki," ukakataa kulipitisha. Tangu siku hiyo Baba hasemi na mtu ila nyundo. Nami nalalamika hivi:

1. Sheria inataka dirisha la chumba cha kulala limtoshe mtu kutoka. Mimi hata mlangoni sitoki. Bibi huwaambia wageni, "Huyu angeweza, posta angemtuma mbwa."

2. Inataka pia lifunguke bila ufunguo, bila chombo na bila ujuzi maalumu. Kutoka nje na kukutana na watu ni ujuzi maalumu. Shuleni hatukufundishwa.

3. Anayetoka hupokewa. Wazima moto wa hapa ni watu wa kujitolea: mwoka mikate, mchimba makaburi, na Mwalimu Melanson aliyenifundisha hesabu. Nitashushwa ngazi na mwalimu wangu nikiwa na nguo za kulalia zenye picha za bata, naye ataniuliza siku hizi nafanya nini. Moto hauulizi.

4. Dirisha kubwa huonekana barabarani. Watu watanipungia mkono, itanibidi niwajibu, na mwisho wake ni kualikwa harusini.

Naomba basi upitishe dirisha la kuku, na uandike kwamba mkaaji hakusudii kutoka. Theluji ikianguka kabla hujakubali, Baba ataziba paa kwa turubai, nami nitarudi kwa Bibi, ambaye husali rozari usingizini na hutaka niitikie.

Msalimie mkeo, wanao, na paka wa ofisini.

Wako kwa heshima, na kwa mbali,
Odile Thibodeau

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, Baba aliwaita wazima moto baada ya misa waje kuthibitisha kwamba umekosea. Mwalimu Melanson alipanda ngazi, akaingiza kichwa, mabega na nusu ya tumbo, akakwama. Wenzake walikuwa wameshaitwa jikoni kula pai ya viazi. Darini tulibaki yeye na mimi na sahani yangu ya pai.

"Odile," akasema, "siku hizi unafanya nini?"

Hakuwa na pa kwenda, wala mimi. Nikamwambia nataka kujifunza useremala. Hakucheka. Aliuliza nguzo ipi ingesogezwa ili dirisha lipanuke, nikamwonyesha, tukapiga hesabu ya boriti ya juu, yeye akitaja tarakimu na mimi nikiandika ukutani.

Kwa hiyo puuza namba moja hadi nne. Dirisha litapanuliwa, na mbao nazikata mimi. Njoo ukague.

Ila hili libaki kati yetu: Baba anaamini nilipiga kelele za kuomba msaada mara tu mwalimu alipokwama. Tafadhali usimwambie kwamba tulimaliza pai kwanza.