Bango la Ukoo Nililolipeleka Kwenye Posa

Leo nimeaibika mbele ya wakwe, na aibu yenyewe niliichapa kwa mashine yangu, kwa wino wa rangi.

Kwa wasionijua (sidhani kama mpo), mimi ni kijana wa Mafia niliyeondoka hapa na begi moja, nikabeba zege Dar es Salaam mchana na kusoma jioni, mpaka nikapata stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Hakuna aliyenishika mkono. Nimerudi, nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Kilindoni. Bango lolote la harusi mnaloliona mjini limepita kwangu.

Sasa nataka kumwoa Mwanaidi wa kijiji cha Kanga. Baba yake, Mzee Kombo, tangu mwanzo alikuwa na swali moja tu: "Huyo mwenye duka la karatasi ni mtoto wa nani?" Wao wanajihesabu watu wa Kua, wenye ule mji wa magofu kule kisiwa cha Juani, na nasaba yao wameiandika jina juu ya jina. Sisi kwetu tuna kitambulisho cha babu, nacho kimeliwa na mende.

Mwingine angekata tamaa. Mimi nina stashahada.

Nikachimba miezi minne. Hatimaye, kwenye sanduku la mzee mmoja aliyewahi kuwa karani, nikaipata orodha ya kuhesabu watu na nyumba ya zama za Mwingereza. Nikapitisha kidole. Nyumba ya Haji, Kanga. Ndani: Haji, mkewe, mwanawe Ali, mwanawe Mfaume, na wana wengine tisa. (Nikasema, mashallah, mzee alikuwa na nguvu.)

Mfaume! Ndiye aliyemzaa babu yangu! Na Haji ndiye aliyemzaa Ali, babu yake Mzee Kombo! Kumbe mimi na Mwanaidi ni damu moja, na mimi pia ni mtu wa Kua. Siku ile nilitembea sokoni kifua mbele, nikiwaitikia watu salamu taratibu kama sultani.

Nikachapa bango. Mita mbili kwenda juu. Kua kileleni, majina yakishuka kwa dhahabu, pembeni nimechora shamba la minazi la Haji, na chini kabisa mimi, na joho la mahafali. (Picha yangu ilizidi ya mababu wote. Nilikuwa na nafasi.)

Leo asubuhi shangazi yangu, Bi Tatu, aliyetakiwa kupeleka posa pamoja na wajomba wawili, akaniona nimevaa kanzu.

"Unakwenda wapi?"

"Kuposa."

"Mposaji haendi kujiposea. Kaa nyumbani, watu wazima tutasema."

"Shangazi, utasema nini na wewe hujui kusoma orodha? Leo naongea mimi."

Akanitazama. Akafunga kanga yake vizuri. "Haya baba. Twende ukaongee."

Tukafika Kanga. Shikamoo, marahaba, kahawa, kashata. Mzee Kombo amekaa barazani na mdogo wake, Bwana Shaha. Mwanaidi yuko ndani, nyuma ya pazia. Sikungoja. Nikagongelea bango ukutani kwa misumari niliyokuja nayo, nikahutubia dakika ishirini. Nikamaliza kwa kumwita Mzee Kombo "baba mkubwa".

Mzee akavaa miwani. Akasogea. Hakutazama Kua, hakutazama joho langu. Akaweka kidole kwenye minazi.

"Na hii?"

"Ni shamba la Haji, baba mkubwa. La ukoo."

"La ukoo." Akamgeukia mdogo wake. "Umesikia, Shaha? La ukoo."

"Nimesikia. Mtoto kaja na ramani kabisa."

"Bwana, umekuja kuposa au kudai mirathi?" Mzee akaniuliza.

Hapo ndipo kichwa changu chenye stashahada kilipofanya hesabu. Shamba lile alilirithi Ali peke yake. Kama Mfaume naye ni mtoto wa Haji, basi kwa miaka yote hii wamekaa kwenye fungu letu! Jasho likanitoka mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Hapana mzee, minazi ni urembo tu!"

"Urembo umechorwa na mipaka? Posa imekwisha. Ng'oeni bango lenu."

Nyuma ya pazia nikasikia sinia limetuliwa kwa kishindo. Namjua mchumba wangu. Sinia lile lilikuwa linasema na mimi.

"Shangazi, sema kitu!"

"Mimi? Mimi sijui kusoma orodha."

Akanywa kahawa yake yote. Akaomba nyingine. Akainywa. (Wajomba zangu wanatazama dari. Wasaliti!) Ndipo akasema:

"Kaka Kombo, kodi ya zamani si ilikuwa ya kila kibanda? Mfaume alikuwa mkwezi wa minazi, katoka Rufiji. Aliposikia wahesabuji wa kodi wanakuja, alibomoa kibanda chake, akaingia kwa Haji, akaandikwa mtoto wa nyumba. Walipoondoka, akajenga tena. Marehemu baba alikuwa akitusimulia kila Idi."

Bwana Shaha akapiga paja. "Ndiyo maana! Mke wa Haji kazaa Ali peke yake, na orodha ya huyu ina watoto kumi na mmoja!"

Wakacheka. Wote. Hata pazia lilicheka. Nikafurahi, nikajua nimepona. Mzee Kombo akainua mkono.

"Aseme mwenyewe. Kajileta hapa kuwa mtoto wa Haji, sasa ajitoe. Na aandike."

Bango likageuzwa. Ikaletwa kalamu nene. Nikaandika huku nikisoma kwa sauti, maana wapitanjia walishajaa: kwamba mimi si mtu wa Kua, ni kitukuu cha Mfaume mkwezi wa Rufiji, na sina mnazi hata mmoja Kanga.

"Weka na ile stashahada yako," akasema Bwana Shaha, "iwe na uzito."

Nikaiweka.

Mzee Kombo akasoma mara mbili, akavua miwani, akanipa mkono. "Sasa tumejua wewe ni mtoto wa nani. Posa tumeipokea."

Ijumaa wazee wanakwenda kupanga mahari. Mimi nimeambiwa nibaki nyumbani, na nimeitika bila kubisha. Msinicheke, nitaoa, inshallah. Mwenye swali kuhusu ukoo wangu akamuulize shangazi.