Athari ya Holi Langu

Jumatatu, 4 Machi 2024
Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili na kila fundi aliyesema plasta yangu haidumu. Kasoro Lugembe. Huyo bado anapumua, hapa hapa Tabora!

Leo nimepita shule ile niliyoijengea holi. Nimemsikia Mwalimu Josepha wa fizikia akiwaambia wanafunzi, Alhamisi tunapima athari ya holi. Moyo paa! Nyufa zipo, sikatai. Zikipimwa, kazi ya bweni jipya anapewa Lugembe. Labda niwe maiti.

Jumanne, 5 Machi
Nimeziba nyufa zote. Saruji imeniishia, nikamalizia na ugali wa jana. Juu nikapaka chokaa. Akili hii haifundishwi chuoni! Kuku wa shule wanadonoa ukuta. Nimewafukuza. Wamerudi.

Jumatano, 6 Machi
Lugembe kapita, kanipa shikamoo ya kejeli. Kauliza eti siku hizi kuta zangu zinakula saa ngapi. Nimemjibu kwa Kinyamwezi. Siandiki.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeingia maabara bila hodi. Mwalimu Josepha kaniamkia vizuri, kanipa stuli. Ajabu, hata holini hawaendi! Wana kijipande chembamba kama ukucha, cha kijivu. Wanakipitishia umeme, wanakiweka katikati ya sumaku kubwa, wanasoma mshale wa mita. Nikajua tu, wamebandua plasta yangu!

Nikauliza athari ni kiasi gani. Kasema ndogo sana babu, milivolti chache. Aa, raha! Nikainama nione. Mwiko wangu wa plasta ukachomoka mfukoni, ukarukia sumaku. Pwa! Kijipande vipande. Mwalimu kashika kichwa, kasema haya, sasa athari ni sifuri.

Sifuri! Mbele ya darasa zima!

Kisha kanieleza kwamba athari hiyo si ya holi, ni ya Hall, jina la mtu aliyeigundua, Mmarekani, amekufa zamani. Nikamwambia huyo hata karai moja la zege hapa hakubeba.

Ijumaa, 8 Machi
Mvua ya usiku imeshusha plasta upande wa mlangoni. Sumaku ile imeivuta, nina hakika. Mkuu wa shule kampa Lugembe bweni. Wivu!

Kesho napanda basi la Igunga. Kuna watu wanataka holi la harusi. Nitawaambia langu limepimwa kwa umeme, athari hakuna. Asiyeamini amuulize Mwalimu Josepha. Kasema sifuri kwa mdomo wake, karibu alie.