Ukoo wa Ump

Jumanne, 4 Juni 2024
Ipinda. Mshtuko! Mzee Anyosisye anatafuta jina la mjukuu wake, na Dickson ameshapeleka Lusungu. Yaani neema. Jina la kila nyumba! Na mzee kalisifu. Ninavyomjua, atakayempa mjukuu jina ndiye atakayepewa Tusekile, binti yake wa mwisho. Mimi nampenda Tusekile tangu mavuno ya mwaka juzi. Dickson kaanza aliponunua bodaboda.

Nitapeleka jina la Kiingereza. La kale, zito.

Jumatano, 5 Juni
Nimegundua jambo kubwa. Mabinti wa mzee ni Tuntufye, Tusajigwe na Tusekile: tumsifu, tumebarikiwa, tumefurahi. Mwanzo mmoja, tumbo moja, maana zote njema. Basi hata maneno ya Waingereza yana ndugu! Triumph ni ushindi, hilo nalijua tangu shule. Ndani yake mna ump. Nikatafuta kwenye simu maneno ya kale yenye ump. Yamejaa! Clumperton. Trumpery. Mumpsimus. Ushindi mtupu. Nilipofika kwenye maana, bando likaisha. Si neno. Ukishamjua dada mtu, mdogo wake wa nini kumuuliza?

Ijumaa, 7 Juni
Nimempelekea mzee mkungu wa ndizi na jina: Clumperton, mshindi wa miji yote, maana ton ni town. Alilitamka polepole, akasema lina uzito. Akanishukuru, ndaga fijo, asante sana. Fijo! Tusekile akaniletea kiti chenye mgongo. Dickson alikuwepo, akaomba nimwandikie. Nikamwandikia, na Mumpsimus nikaongeza, la mjukuu wa pili. Wivu utamuua.

Jumapili, 9 Juni
Sijawahi kushtuka hivi. Mchungaji wetu habatizi mtoto mpaka mzazi aeleze maana ya jina mbele ya watu. Tusajigwe, mama mtoto, akasema kwa sauti: mshindi wa miji. Dickson akasimama na simu. Simu, kanisani! Akasoma kwamba clumperton ni mshamba, mjinga asiye na adabu. Kanisa zima likanigeukia, na kwaya pia. Mama mtoto akamkumbatia mwanawe kama vile nimekuja kumwiba. Mtoto kabatizwa Lusungu.

Nje mzee akanisimamisha. Akamuuliza Dickson na lile la pili. Kumbe Mumpsimus ni mtu anayeng'ang'ania kosa lake hata akionyeshwa. Mzee akanitazama sana.

"Hili lisipotee bure, Aliko," akasema. "Chukua wewe."

Tusekile alicheka mpaka akakaa chini. Niliumia, sifichi.

Jumatatu, 10 Juni
Nimefikiri vizuri. Njia ilikuwa sahihi, ukoo ndio ulikuwa mbaya. Tena mzee amenipa jina kwa kinywa chake. Nani hupewa jina na mzee kama si mtu wa nyumbani? Na Tusekile alicheka! Furaha ndiyo jina lake. Kucheka kwa Kiingereza ni laugh. Nimeweka bando, nimetafuta ndugu wa laugh, nikapata neno la kale, zuri mno. Maana sikuangalia, bando nalitunza nizungumze naye. Tena neno lenyewe nalifahamu, limeandikwa ukutani pale machinjio ya ng'ombe. Kumbe wachinjaji ni watu wa furaha!

Nimemtumia ujumbe: Tusekile, wewe ni Slaughter wangu, nami nitakuwa Slaughter wa nyumba yenu yote.

Umesomwa. Na sasa hivi baba yake ananipigia simu. Posa imekubaliwa upesi hivi! Nimeshtuka.