Mpira Wangu na Dirisha la Bi Ratchani

Jumatatu, 6 Januari
Fedheha! Mpira wangu, huu wa utomvu wa miti, umepewa daraja la tatu tena. Bi Ratchani, mkaguzi wa ushirika wetu, aliinua mkeka mmoja wa mpira kwenye dirisha la ghala, jua likapenya, akaonyesha kila povu na kila taka mpaka nikaangalia pembeni. Kasema Ijumaa nikikosa la kwanza, nafasi yangu kwenye banda la kukaushia kwa moshi anapewa Wirot. Wirot! Shemeji yangu, anayechuja utomvu mara mbili utadhani ni uji wa mtoto. Bila banda nitauza mabonge mabichi ya utomvu ulioganda, na yale yananuka balaa. Mke wangu Urai ameshaapa: mabonge yakiingia uani, yeye anahamia kwa kaka yake. Yaani kwa huyo huyo Wirot.

Jumanne, 7 Januari
Nimempeleleza Wirot. Mikeka yake inang'aa. Kumbe siri ni kung'aa! Kuchuja ni kujichosha bure.

Jumatano, 8 Januari
Nimeipaka mikeka yote mafuta ya nazi, mbele na nyuma, nikaipanga mmoja juu ya mwingine. Inapendeza ajabu! Urai kauliza mafuta yake ya kupikia yako wapi. Nimemjibu yamekwenda viwandani.

Ijumaa, 10 Januari
Balaa. Mikeka imevimba, imenatana, imekuwa godoro. Bi Ratchani kajaribu kubandua mmoja, mkono ukabaki huko. Kaniuliza, "Kaka Somphop, huu tuufukize au tuukaange?" Ghala zima kicheko. Kisha uso ukambadilika. Kasema mpira huu unakwenda kuwa tairi la lori, na yeye akisema daraja la kwanza, anamwahidi dereva asiyemjua kwamba halitapasuka mlimani. Niliona haya kweli. Kama dakika moja hivi. Nafasi kapewa Wirot, na Urai kaanza kufunga begi.

Jumapili, 12 Januari
Wirot kaja asubuhi. Kasema, "Shemeji, tugawane banda nusu kwa nusu. Ila uchuje, tafadhali." Kaniletea na chujio jipya. Machozi yalinitoka, sifichi. Urai kafungua begi.

Chujio nimempa Urai, litamfaa kwa tui. Mimi nimetafakari sana, nimegundua kosa halikuwa mafuta wala mapovu. Kosa ni lile dirisha. Kesho najitolea kupaka rangi vioo vya ghala, bure kabisa. Nimeshachagua kahawia nzito.